Anayesimama Asipoteze Dakika: Historia ya Safari Rally kwa Jicho la Mwandika Programu

Samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Kazi ilinibana, na stima huku Othaya mvua ikianza ni kama mgeni, huja ikipenda. Leo sina somo la Python wala la hifadhidata. Nataka kuwasimulia historia ya mbio za magari, lakini msikimbie bado, kwa sababu nilianza kuisoma baada ya kosa langu mwenyewe katika programu niliyoiandika. Wenye chai mimineni, hii ni ndefu kidogo.

Kosa lenyewe

Mwaka jana rafiki yangu aliniomba nimwandikie programu ya kuhesabu muda wa mbio ndogo za magari, zile za klabu, kwenye barabara za murram upande huu wa Nyeri. Kazi ilionekana nyepesi. Kila gari lina saa ya kuondoka na saa ya kufika. Toa ya kwanza kwenye ya pili, jumlisha mikondo yote, kisha panga kutoka muda mdogo hadi mkubwa. Mistari mia mbili hivi ya msimbo. Niliijaribu kwa data za kubuni, ikafanya kazi, nikalala usingizi mzuri.

Usiku wa kuamkia mashindano mvua ilinyesha. Anayeujua udongo wetu mwekundu anajua maana yake: barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Katika mkondo wa tatu gari moja liliteleza likalala ubavu ndani ya mtaro, kando ya shamba la majani chai. Dereva aliyekuwa nyuma yake alilikuta hivyo, akasimama. Yeye na mwelekezi wake waliwatoa waliokuwa ndani, wakakaa nao mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia vibaya. Kisha wakarudi garini mwao wakamaliza mkondo.

Programu yangu ilihesabu vizuri kabisa. Iliwaona wamechelewa dakika kumi na moja, ikawashusha kutoka nafasi ya pili hadi ya tisa. Nikachapisha karatasi, nikaibandika ukutani.

Yule dereva, mtu wa makamo, aliisoma karatasi polepole. Halafu akanigeukia na kuniambia, bila hasira yoyote, "Kijana wangu, komputa yako imenifunza kitu. Siku nyingine nitapiga honi nipite."

Waandalizi walimrudishia dakika zake kwa mkono jioni hiyo hiyo. Lakini maneno yake hayakunitoka. Programu haikuwa na hitilafu, ilifanya nilichoiandikia. Kilichokosewa ni kanuni niliyoikubali: dakika ni dakika, hata ile uliyoitumia kumtoa mwenzako ndani ya gari linalonuka petroli.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua wenzetu waliotutangulia walilitatuaje swali hili: utawezaje kuwaacha watu washindane kwa nguvu zao zote bila kuwalipa kwa kuhatarisha maisha? Jibu refu liko hapa hapa kwetu, katika Safari Rally.

Mbio zilizoanza kama matembezi marefu

Safari ilianza mwaka 1953, kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, ikiitwa Coronation Safari kwa sababu ilikuwa ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka huo hapakuwa na mshindi wa jumla. Magari yaligawanywa kwa madaraja, na madaraja yenyewe yalipangwa kwa bei ya gari dukani, si kwa ukubwa wa injini. Wazo lilikuwa kwamba gari la kawaida, kama lile ambalo mtu angeweza kulinunua, lithibitishe uimara wake kwenye barabara zetu.

Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na mwaka 1974 likawa Safari Rally.

Sasa tazameni kanuni yake ya kuhesabu, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipo. Katika Safari ya zamani hukushindana kwa mikondo mifupi iliyofungwa. Ulipewa njia ya karibu kilomita 5,000, yenye vituo vya kukagua muda. Kati ya kituo na kituo ulipangiwa dakika fulani. Ukichelewa dakika moja, unapata adhabu ya dakika moja. Mwenye adhabu ndogo mwishoni ndiye mshindi. Kwa mwandika programu hiki ni kitanzi kifupi tu.

Lakini soma kanuni hiyo upande wa pili. Kulala ni dakika. Kubadilisha gurudumu ni dakika. Kupunguza mwendo kijijini kwa sababu watoto wanatoka kanisani ni dakika. Na barabara zilikuwa wazi kwa umma! Dereva wa Safari alikutana na lori la mkaa, basi, baiskeli, ng'ombe na punda, kama mtu mwingine yeyote, tofauti ni kwamba yeye alikuwa akikimbizana na saa, mchana na usiku. Na kwa miaka mingi mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, ambapo mvua za masika huku kwetu ndizo zinaanza kuchacha.

Guka wangu alikuwa akitusimulia jinsi yeye na rika lake walivyoamka gizani siku hizo za Pasaka, wakatembea mpaka barabara kuu, wakasimama ukingoni kabisa kungoja magari yaliyozunguka pande za Mlima Kenya. Aliyesimama karibu zaidi ndiye aliyekuwa shujaa. Matope yakimrukia usoni anakaa nayo siku nzima bila kunawa. Akisimulia tulicheka sana. Nikiyafikiria leo kama mtu mzima, sicheki sana.

Ugumu wa mbio hizo si hadithi tu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Katika miaka hiyo ya mwanzo wenyeji walitawala, kwa sababu kuijua nchi kulikuwa na thamani kuliko kasi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo, kisha 1974 na 1976 katika Mitsubishi. Mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Shekhar Mehta alishinda mara tano: 1973, halafu mfululizo 1979 hadi 1982. Ule ushindi wake wa 1973 utawafurahisha wenzangu wa komputa: yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza na adhabu sawa kabisa, baada ya maelfu ya kilomita, ikabidi kanuni ya kuvunja sare ndiyo impe Mehta kombe. Kwa hiyo msisahau kushughulikia sare katika programu zenu!

Helikopta: usalama wa wenye pesa

Miaka ya themanini kampuni kubwa za magari zilikuja na jibu lao kuhusu barabara zilizo wazi. Waliweka helikopta angani, mbele ya gari lao, ikiwa na mtu wa kuangalia barabara na kumwambia dereva kwa redio: ng'ombe kushoto, lori baada ya kona, mto umejaa. Mbele ya magari walifunga vyuma vya kukinga wanyama na taa za kumulika ili watu wawaone mapema.

Je, helikopta ilikuwa kifaa cha usalama au cha ushindani? Vyote viwili, na hapo ndipo tatizo lilipo. Dereva aliyeambiwa kwamba kona inayofuata haina mtu hakutumia habari hiyo kutulia. Aliitumia kukanyaga mafuta. Wakati huo dereva wa kujitegemea, aliyekuja na gari lake na fundi mmoja, aliingia kona ile ile bila kujua kilichopo. Usalama ukawa kitu cha kununua, na aliyekinunua akapata na mwendo juu yake. Mimi nina shaka na kifaa chochote cha usalama kinachomfanya mwenye nacho ashinde. Si kwamba hakifai. Ni kwamba hakitatumika kwa kazi iliyoandikwa kwenye boksi.

Mwaka 1986

Ulimwengu nao ulikuwa na matatizo yake. Kuanzia 1982 kulikuwa na magari ya Kundi B: mepesi, yenye nguvu nyingi, na masharti machache. Tarehe 2 Mei 1985 Attilio Bettega alikufa katika mbio za Corsica. Machi 1986 nchini Ureno gari la Joaquim Santos liliacha njia likaingia katikati ya watazamaji. Watatu walifariki na makumi wakajeruhiwa. Tarehe 2 Mei 1986, mwaka mmoja kamili baada ya Bettega na kule kule Corsica, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa gari lao lilipoanguka na kushika moto. Wasimamizi wa mchezo wakaamua kuwa kuanzia 1987 Kundi B halitashindania ubingwa wa dunia tena.

Hapa kwetu kulikuwa na funzo ambalo wengi hawakulitazama. Safari za 1984, 1985 na 1986 zilishindwa na Toyota Celica, ambayo nayo ilikuwa ya Kundi B lakini iliendeshwa na magurudumu ya nyuma tu. Haikuwa gari la kisasa zaidi. Kwenye mikondo mifupi ya Ulaya ilizidiwa. Ila Safari iliuliza swali jingine: nani atafika? Kanuni ikiuliza nani atafika, wahandisi hujenga gari la kufika. Ikiuliza nani ana kasi zaidi ndani ya dakika kumi, hujenga kitu kingine kabisa.

Msinielewe vibaya, sisemi Safari ya zamani ilikuwa salama. Ilikuwa na hatari za aina yake: uchovu, giza, barabara za umma. Ninachosema ni kwamba hatari ya kila mbio imetokana na kile kilichokuwa kinahesabiwa.

Kuondoka na kurudi

Kufikia 2002 Safari ilikuwa imefupishwa, lakini bado ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za ushindani, na bado barabara zilikuwa wazi na helikopta zilikuwa angani. Colin McRae alishinda mwaka huo. Halafu Kenya ikatolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia. Fedha na maandalizi vilichangia. Lakini pia mchezo wenyewe ulikuwa umeshahama: kwingine kote ilikuwa mikondo mifupi, barabara zimefungwa, muda unahesabiwa kwa sehemu za sekunde. Safari ilikuwa imebaki peke yake.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Kizazi changu kiliijua Safari kwa kusimuliwa.

Ilirudi Juni 2021, ikiwa na makao yake Naivasha. Mikondo 18, kilomita 320 hivi za ushindani, sehemu kubwa ndani ya mashamba na hifadhi kama Kedong, Oserian na Soysambu, ambako njia inaweza kufungwa. Hakuna basi litakalotokea kwenye kona. Usiku watu wanalala. Gari likikwama leo, dereva anaweza kurudi kesho na adhabu ya dakika kumi kwa kila mkondo alioukosa, kwa hiyo hana haja ya kulikokota gari lililovunjika barabarani usiku kucha ili asifutwe.

Wazee wengi walisema hii si Safari. Kuna ukweli fulani hapo, na mimi sitaki kuuficha. Guka alitembea kwa miguu akaona mbio za dunia. Mimi nikitaka kuziona lazima nipande matatu hadi Nairobi na nyingine hadi Naivasha, au nifungue simu. Usalama ulinunuliwa kwa kuziondoa mbio mlangoni kwetu. Hiyo ni bei, na sisi tuliilipa.

Ila ugumu haukufa. Mwaka huo wa 2021 Thierry Neuville alianza Jumapili akiongoza kwa karibu dakika moja, gari likavunjika kwenye mkondo wa kwanza wa siku hiyo. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Vumbi na mawe ya Bonde la Ufa bado vinauliza lile swali la zamani: nani atafika?

Kanuni niliyokuwa naitafuta

Sasa turudi kwa yule dereva wangu. Katika kanuni za kisasa za mbio za dunia, kila gari hubeba kibao chenye pande mbili. Upande mmoja umeandikwa SOS kwa rangi nyekundu, wa pili OK kwa kijani. Ukipata ajali na kuna aliyeumia, unaonyesha SOS. Ukiwa mzima, unaonyesha OK ili wengine wapite. Anayekuta SOS lazima asimame. Wanaofuata nao lazima wasimame, mmoja apeleke habari kwenye kituo cha redio kilicho mbele. Anayepita bila kusimama anaripotiwa na anaweza kuondolewa mashindanoni. Siku hizi kuna pia kifaa cha GPS garini chenye vitufe vya ujumbe huo huo, hivyo chumba cha usimamizi kinajua mapema.

Haya yote mtu angeyatarajia. Lakini kuna kipande cha mwisho ambacho ndicho kiini: waliocheleweshwa na ajali hupewa na waandalizi muda unaoonekana kuwa wa haki, kana kwamba hawakusimama.

Yaani kusimama ni bure. Kutosimama ndiko kunakogharimu.

Mbio za Formula 1 zilijifunza jambo hilo hilo kwa uchungu. Oktoba 2014, Suzuka nchini Japani, Jules Bianchi aliteleza kwenye mvua akagonga mashine iliyokuwa ikiondoa gari jingine. Alifariki Julai 2015. Bendera za manjano zilikuwa zinapepea, na maana yake ni punguza mwendo. Lakini kiasi cha kupunguza kiliachwa kwa dereva, na anayepunguza zaidi ya mwenzake anapoteza nafasi. Mwaka 2015 wakaanza utaratibu mpya: hatari ikitokea, madereva wote wanaonyeshwa kwenye usukani muda wa chini ambao hawaruhusiwi kwenda chini yake. Wote wanapunguza kwa pamoja, pengo linabaki kama lilivyokuwa. Hawakumhubiria dereva awe na moyo mzuri. Waliondoa faida ya kuwa na moyo mbaya.

Na kama unadhani haya ni mambo ya wenye magari ya kifahari, njoo steji ya Othaya asubuhi. Mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zilizileta matatu mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na nidhamu ikarudi kwa muda. Lakini angalia hesabu ya dereva ilivyo. Kuna kiasi cha kila siku cha kumpelekea mwenye gari. Foleni ya kubeba abiria inapangwa kwa anayefika kwanza, hivyo anayewahi kurudi anapata zamu moja zaidi. Unaweza kumfungia kidhibiti mwendo na kumpiga faini, lakini mradi kanuni ya foleni inamlipa anayewahi, kila kona kati ya hapa na Nyeri itakuwa mkondo wa mashindano, na sisi abiria ndio waelekezi bila helmeti.

Nimeshairekebisha programu yangu. Niliongeza safu moja tu kwenye jedwali: muda wa kusimama kwa ajili ya mwingine. Safu hiyo haijazwi na komputa. Inajazwa na mtu, baada ya kuwasikiliza waliokuwepo, na programu inaondoa dakika hizo kabla ya kupanga nafasi. Karatasi haiwezi kuchapishwa mpaka mtu aithibitishe safu hiyo kwa kila gari, hata kama jibu ni sifuri. Kazi ya dakika ishirini, kusema kweli. Ningeweza kuifanya tangu mwanzo kama ningejiuliza swali moja kabla ya kuandika mstari wa kwanza: hesabu hii inamfundisha nini anayehesabiwa?

Nilimpigia simu yule dereva nikamweleza. Alicheka, akaniuliza kama sasa komputa imeenda shule. Nikamwambia, mzee, ndiyo, na mwalimu wake ulikuwa wewe.

Haya basi. Wiki ijayo, stima ikiruhusu, turudi kwenye hifadhidata. Kama una mzee nyumbani aliyesimama kando ya barabara kuzingoja Safari za Pasaka, mkalishe leo akusimulie. Muulize alisimama upande gani wa kona.